Zamu na Mahudhurio: Ushirikishwaji wa Wanachama katika Vilabu vya Huduma vya Rotary, kutoka Chicago hadi Afrika Mashariki, 1905–2016

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vilabu vya huduma vya Rotary vilivyojaribu kuwafungamanisha wanachama wake tangu klabu ya kwanza ilipoanzishwa Chicago mwaka 1905 hadi kanuni za mahudhurio zilipolegezwa mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba klabu ya awali iliwashika wanachama kwa zamu: kila mmoja alipaswa kuwakaribisha wenzake mahali pake pa kazi. Zamu hiyo ilipotoweka kwa sababu ya ukubwa wa klabu, nafasi yake ilichukuliwa na kanuni ya mahudhurio, ambayo ilihesabu nani amefika bila kuuliza amefika kufanya nini. Makala yanalinganisha utaratibu huo na vyama vya beni na lelemama vya Afrika Mashariki, ambavyo navyo vilijengwa juu ya zamu na wajibu. Inahitimishwa kwamba mjadala wa leo kuhusu kupungua kwa ari ya wanachama hauwezi kueleweka iwapo mahudhurio yataendelea kuchukuliwa kuwa ndiyo ushiriki wenyewe.

1. Utangulizi

Historia ya vyama vya hiari katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama utangulizi wa historia ya siasa. Chama cha ngoma, chama cha kuzikana au chama cha wafanyakazi wa serikali hutajwa pale kinapoonekana kuwa kilitayarisha njia ya chama cha ukombozi. Mkabala huo umezaa tafiti zenye thamani, lakini umeacha pembeni swali moja la msingi: mtu asiyelipwa, asiyelazimishwa na sheria, na ambaye ana shughuli zake nyingine, hufanya nini hasa anapokuwa mwanachama, na kwa nini anaendelea kuwa mwanachama baada ya ile hamasa ya mwanzo kupoa?

Swali hili lina uzito kwa kila anayeendesha chama. Mwenyekiti wa klabu ya huduma katika mji wowote anafahamu hali ya daftari lenye majina mengi na kazi inayofanywa na watu wachache wale wale. Watendaji wengi huitazama hali hiyo kama tatizo la tabia: wanachama ni wavivu, au kizazi kipya hakina moyo wa kujitolea. Makala haya yanaitazama kama tatizo la kihistoria. Vilabu vya huduma vilirithi vyombo fulani vya kuwashirikisha wanachama, na vyombo hivyo vilibuniwa katika mazingira mahususi ili kujibu matatizo mahususi. Mazingira yakibadilika, chombo kinaweza kubaki huku kazi yake ikiwa imekwisha.

Rotary imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ndiyo klabu ya huduma ya aina hii iliyotangulia nyingine. Kiwanis ilianza mwaka 1915 na Lions mwaka 1917, na zote mbili zilifuata sehemu kubwa ya muundo wake. Pili, imeacha kanuni zilizoandikwa ambazo mabadiliko yake yanaweza kufuatiliwa. Tatu, imekuwapo Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, hivyo inaruhusu ulinganisho na vyama ambavyo wenyeji wa eneo hili walikuwa wameshaviunda wenyewe.

2. Klabu ya zamu, 1905–1910

Jioni ya tarehe 23 Februari 1905, wanaume wanne walikutana katika ofisi ya Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, ndani ya jengo la Unity mjini Chicago. Wengine walikuwa Paul Harris, mwanasheria aliyeitisha mkutano huo, Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi na mwuzaji wa nguo. Chicago ya wakati huo ilikuwa imejaa watu waliotoka vijijini na ng'ambo, na Harris, ambaye alilelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Vermont, alitaka kurudisha katika jiji ule ujirani wa watu wanaofahamiana. Schiele alichaguliwa kuwa rais wa kwanza.

Jambo linalopewa uzito mdogo katika masimulizi ya kawaida ni utaratibu wa mikutano ile ya mwanzo. Wanachama hawakuwa na ukumbi. Walikutana kwa mzunguko, leo katika ofisi ya huyu, safari ijayo katika ghala la yule, na jina la klabu lilitokana na mzunguko huo. Aidha, kila fani iliwakilishwa na mtu mmoja tu. Kwa pamoja, kanuni hizi mbili zilikuwa na matokeo makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanachama hakuwa msikilizaji. Zamu yake ilipofika alikuwa mwenyeji: aliandaa mahali, aliwapokea wenzake, aliwaonyesha kazi yake. Na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa fani yake, pengo lake halikuweza kuzibwa na mtu mwingine.

Msomaji wa Kiswahili atautambua utaratibu huu upesi, kwa kuwa ndio msingi wa upatu. Katika upatu, kinachomshikilia mshiriki si hotuba ya kiongozi wala hofu ya faini pekee. Ni ukweli kwamba kila mmoja ana siku yake, na kwamba siku ya mwenzake haiwezi kutimia asipotoa chake. Zamu humfanya kila mtu kuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Klabu ya Chicago haikuchangishana fedha kwa namna hiyo, lakini iliendeshwa kwa mantiki hiyo hiyo ya kupokeana.

Hata hivyo, klabu hiyo haikuwa bado klabu ya huduma. Katiba yake ya kwanza, ya mwaka 1906, ilitaja malengo mawili: kukuza masilahi ya biashara ya wanachama na kukuza urafiki miongoni mwao. Mabadiliko yalichochewa na mtu aliyekataa kujiunga. Mwaka huo huo Donald Carter, mwanasheria wa hataza, alialikwa kuwa mwanachama. Baada ya kusoma malengo hayo alijibu kwamba klabu isiyofanya lolote kwa ajili ya watu walio nje yake haina mustakabali wa maana. Lengo la tatu, la kuuhudumia mji, likaongezwa, na Carter akajiunga. Mwaka 1907 klabu ilianza kampeni ya kuushawishi mji wa Chicago ujenge vyoo vya umma, kazi ambayo ndiyo huhesabiwa kuwa huduma yake ya kwanza kwa jamii.

Kisa cha Carter ni muhimu kwa hoja yetu. Kinaonyesha kwamba masilahi na urafiki, ambavyo watendaji wengi wa vilabu huamini kuwa ndiyo chambo cha kumvuta mwanachama, havikutosha kumvuta mtu wa aina ambayo klabu ilimhitaji zaidi. Mtu mwenye uwezo wa kutenda alitaka kwanza kuona la kutenda.

3. Kutoka zamu hadi mahudhurio

Klabu ilikua haraka. Ya pili ilianzishwa San Francisco mwaka 1908, na ilipofika Agosti 1910 vilabu 16 vilikutana Chicago na kuunda chama cha kitaifa, huku Chesley Perry akiwa katibu, wadhifa alioushika hadi mwaka 1942. Mwaka 1912 chama kikawa cha kimataifa baada ya klabu ya Winnipeg, Kanada, kuingia, na mwaka 1922 kikachukua jina la Rotary International.

Ukuaji huo ulivunja mzunguko. Watu wachache wanaweza kukusanyika katika ofisi ya mshonaji. Mia moja hawawezi. Mikutano ikahamia hotelini na katika kumbi za chakula, ikawa ya kila wiki, kwa kawaida wakati wa mlo wa mchana. Mwenyeji sasa alikuwa hoteli. Mwanachama alilipia chakula, akasikiliza mzungumzaji, akarudi kazini. Zamu yake ya kupokea wenzake ilikuwa imekwisha, na hakuna zamu nyingine iliyochukua nafasi yake moja kwa moja.

Vilabu vilihisi upungufu huo mapema. Harry Ruggles, mpiga chapa aliyejiunga Chicago katika siku za mwanzo kabisa, alianzisha desturi ya kuimba pamoja mikutanoni ili kuichangamsha. Vilabu vingi viliweka msimamizi wa nidhamu aliyetoza faini ndogo za mzaha kwa waliochelewa. Lakini chombo kikuu kilikuwa kanuni ya mahudhurio. Katika katiba ya kawaida ya vilabu, mwanachama aliyekosa mikutano minne mfululizo bila udhuru uliokubaliwa alipoteza uanachama, na kwa muda mrefu alitakiwa pia kufikisha walau asilimia 60 ya mikutano katika kila nusu mwaka. Aliyekuwa safarini aliweza kufidia kwa kuhudhuria mkutano wa klabu nyingine ya Rotary ndani ya muda uliowekwa. Vilabu vilitangaza asilimia zao za mahudhurio na kushindana kwazo, na wako wanachama waliojivunia kutokosa mkutano hata mmoja kwa miongo kadhaa.

Si haki kuidharau kanuni hii. Ilikuwa na faida mbili za kweli. Kwanza, iliweka mpaka: uanachama haukuweza kuwa jina tu kwenye orodha, jambo ambalo limeua vyama vingi. Pili, kanuni ya kufidia iliufanya uanachama utambulike kila mahali. Mfanyabiashara aliyefika mji asioujua aliweza kuketi mezani na watu waliolazimika kumpokea kama mmoja wao.

Pamoja na hayo, mahudhurio ni kipimo cha jambo jingine. Yalikusudiwa kuonyesha kwamba mwanachama anashiriki. Taratibu yakawa ndiyo ushiriki. Katibu aliweza kuripoti asilimia 90 katika mwaka ambao klabu haikufanya kazi yoyote ya maana nje ya ukumbi wake, na mwanachama aliyekesha akisimamia uchimbaji wa kisima aliweza kufutwa kwa kukosa chakula cha mchana mara nne. Dhihaka ambayo Sinclair Lewis aliielekeza kwa vilabu vya wafanyabiashara katika riwaya yake *Babbitt* ya mwaka 1922 iliwagusa wengi, kwa kuwa ilionyesha watu wanaokusanyika kwa makelele na ratiba huku maudhui ya mkusanyiko wao yakiwa membamba.

4. Azimio la 1923: kazi ni ya nani?

Mjadala wa ndani kuhusu jambo hili ulifikia kilele katika mkutano mkuu wa St. Louis mwaka 1923. Chimbuko lake la karibu lilikuwa Ohio. Edgar Allen, mfanyabiashara wa mji wa Elyria aliyempoteza mwanawe katika ajali ya tramu mwaka 1907, aliacha biashara zake na kujitolea kujenga hospitali, kisha akageukia matibabu ya watoto wenye ulemavu. Vilabu vya Rotary vya Ohio vilimuunga mkono, na baadhi ya viongozi wakapendekeza kazi hiyo iwe ya Rotary yote. Upande wa pili ulipinga. Kwa maoni yao, klabu ni shule ya kumjenga mtu ili aende akahudumu kupitia kazi yake na taasisi nyingine za mji. Klabu ikigeuka kuwa shirika la hisani, mwanachama ataishia kulipa ada na kuwaachia wengine kazi.

Suluhisho lililopatikana ni Azimio namba 34 la mwaka huo, ambalo lilibaki kuwa tamko la msingi kuhusu huduma kwa jamii. Azimio liliheshimu pande zote mbili. Lilithibitisha uhuru wa kila klabu kuchagua kazi inayoufaa mji wake. Lilipendekeza kwamba kila klabu iwe na kazi moja kuu ya huduma kila mwaka, itofautiane mwaka hadi mwaka, ikamilike kadiri iwezekanavyo kabla ya mwaka wa klabu kwisha, itokane na hitaji la kweli la jamii, na ihitaji ushirikiano wa wanachama wote. Lilionya pia dhidi ya kuingilia kazi ambayo wengine wanaifanya vizuri na dhidi ya kutumia huduma kujitangaza.

Ukilisoma kwa jicho la swali letu, Azimio la 1923 ni jaribio la kurudisha zamu kwa mlango mwingine. Sharti la kwamba kazi ihitaji ushirikiano wa wote linamaanisha kuwa kazi inayoweza kumalizwa na rais na katibu wake haifai, hata ikiwa njema. Sharti la kukamilisha ndani ya mwaka linamhakikishia mwanachama kwamba atauona mwisho wa jasho lake. Na sharti la kubadilisha kazi linazuia wataalamu wachache kujimilikisha huduma ya klabu. Haya yanaoana na desturi nyingine ya Rotary iliyodumu, ya rais wa klabu kuhudumu mwaka mmoja na kumpisha mwingine kila Julai. Desturi hiyo hulaumiwa kwa kukatiza mipango ya muda mrefu, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini katika muundo ambao zamu nyingine zote zilikuwa zimefifia, zamu ya uongozi ilikuwa miongoni mwa chache zilizosalia.

Kilichokosekana ni nguvu ya utekelezaji. Mahudhurio yalikuwa sheria yenye adhabu. Azimio lilikuwa mwongozo. Katibu alilazimika kuhesabu waliokula, hakulazimika kuhesabu waliofanya kazi. Mkutano wa Ostend, Ubelgiji, mwaka 1927 uliigawa huduma katika njia nne, yaani klabu, kazi, jamii na mataifa, kila moja ikiwa na kamati zake. Kamati zilitoa nafasi ya kumpa kila mtu jukumu, lakini klabu iliyotaka kuziacha ziwe majina kwenye karatasi haikuzuiwa na chochote.

5. Beni na lelemama: zamu kabla ya Rotary

Klabu ya kwanza ya Rotary Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1930. Eneo hili halikuwa tupu. Utafiti wa Terence Ranger wa mwaka 1975 kuhusu beni umeonyesha kwamba tangu mwishoni mwa karne ya 19 miji ya pwani ilikuwa na vyama vya ngoma vilivyoiga bendi za kijeshi, vyenye vyeo, ada na ushindani mkali. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake vyama hivyo vilienea bara pamoja na askari na wapagazi. Katika Tanganyika makundi mawili makuu, Marini na Arinoti, yalikuwa na matawi katika miji mingi yaliyoandikiana barua na kutambuana.

Mambo mawili katika beni yanafaa kulinganishwa na Rotary. La kwanza ni msafiri. Mwanachama wa Marini aliyefika mji mgeni alipokewa na tawi la huko, akasaidiwa akiugua na kuzikwa akifa. Hapa ndipo ilipo tofauti na kanuni ya kufidia mahudhurio: katika Rotary msafiri alitimiza wajibu wake kwa kufika, katika beni tawi la wenyeji lilitimiza wajibu wake kwa kumpokea. Mzigo uliwekwa kwa mwenyeji. La pili ni cheo. Vyeo vya beni, vilivyoigwa kutoka jeshi na utawala wa kikoloni, viliwafanya watazamaji wa Kizungu wacheke au waingiwe na wasiwasi, lakini kwa wanachama cheo kilikuwa jukumu linaloonekana. Mwenye cheo alitazamiwa kutoa.

Kanuni hiyo ya kutoa ilikuwa wazi zaidi katika lelemama ya wanawake wa Mombasa, iliyochunguzwa na Margaret Strobel katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mwanamke aliyetaka kupanda cheo katika chama chake alipaswa kulipa na kuwakirimu wenzake kwa karamu. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, nyimbo na ukarimu. Ndani yake walikutana wanawake wa asili mbalimbali, wakiwamo waliotoka katika ukoo wa watumwa, ingawa daraja za kijamii hazikufutika. Gharama zilikuwa kubwa, na wanazuoni pamoja na waume walilalamikia ufujaji na maonyesho ya hadharani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, desturi ya lelemama ilipokuwa inafifia, baadhi ya wanawake wa Mombasa waliunda vyama vya sura mpya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vilivyojihusisha na elimu na maendeleo ya wanawake. Uzoefu wa kuongoza, kuchangisha na kushindana haukuanzia hapo. Ulikuwa umeshapatikana katika ngoma.

Hapana budi kuepuka kuvipamba vyama hivi. Ushindani wao uliwatia watu madenini, na ukarimu wa lazima ni mzigo kwa asiye nacho. Hata hivyo, havikuwa na tatizo la mwanachama anayefika tu. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inaeleza vizuri mantiki yao: hakuna aliyeruhusiwa kubaki mgeni katika chama chake mwenyewe.

6. Rotary katika Afrika Mashariki

Rotary ilipofika Nairobi, na baadaye Dar es Salaam mwaka 1949 na Kampala mwaka 1957, ilikuja na muundo uliokamilika: mlo wa wiki, fani moja mtu mmoja, na hesabu ya mahudhurio. Katika jamii ya kikoloni kila kimojawapo kilikuwa na athari ambayo hakikuwa nayo Chicago. Kanuni ya fani ilidai mtu awe mmiliki, mkuu au mtaalamu katika kazi yake, ilhali nafasi hizo zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Mlo wa mchana hotelini ulidai fedha, muda ambao mwajiri hakuudhibiti, na ruhusa ya kuingia hotelini. Kwa hiyo, hata pale ambapo kanuni za klabu hazikutaja rangi, mpangilio wa maisha ya mji ulichuja wanachama kabla ya ombi la kujiunga kuandikwa. Karani wa Kiafrika aliyekuwa kiongozi hodari wa tawi la beni hakuwa na fani ya kuwakilisha mbele ya meza ile.

Baada ya uhuru muundo ule ule ulipata wenyewe wapya. Uganda ni mfano unaostahili uchunguzi wa kina. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na kuporomoka kwa uchumi chini ya Idi Amin kulilipunguza tabaka ambalo vilabu vya aina hii vililitegemea. Hata hivyo, Sam Owori, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa, alijiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978, katika kipindi hicho kigumu. Uganda iliendelea kuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye vilabu vingi na hai. Owori aliteuliwa kuwa rais wa Rotary International kwa mwaka 2018–2019, Mwafrika wa pili kufikia hatua hiyo baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Alifariki Julai 2017 kabla ya kushika wadhifa huo.

Ukuaji wa Uganda hauelezeki kwa kanuni ya mahudhurio, kwa kuwa kanuni hiyo ilikuwa moja duniani kote wakati jumla ya wanachama ulimwenguni ilibaki karibu milioni 1.2 kwa miaka mingi. Maelezo yanayofaa zaidi yako katika aina ya kazi. Mbio za Rotary za kuchangia matibabu ya saratani, zilizoanza Kampala mwaka 2012 kwa ajili ya Hospitali ya Nsambya, zinakidhi karibu kila sharti la Azimio la 1923: hitaji linajulikana, kazi inaihitaji klabu nzima na vilabu jirani, na matokeo yanaonekana kwa macho. Mwanachama anayeuza fulana za mbio, anayepanga njia au anayetafuta wafadhili ana jukumu ambalo likiachwa litaonekana limeachwa.

7. Waliokuwa nje ya hesabu

Kanuni zinazosisitiza nani amefika huficha swali la nani haruhusiwi kufika. Kwa miongo minane Rotary ilikuwa ya wanaume pekee. Mwaka 1977 klabu ndogo ya Duarte, California, iliyokuwa imepungukiwa wanachama, iliwaingiza wanawake watatu. Mwaka uliofuata ikavuliwa uanachama. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Mei 1987 iliamua kwamba jimbo lingeweza kuvizuia vilabu hivyo kuwabagua wanawake. Mwaka 1989 Baraza la Kutunga Kanuni la Rotary liliondoa sharti la uanaume duniani kote.

Kisa hiki hutajwa kama historia ya haki, na ndivyo kilivyo. Lakini pia ni historia ya uendeshaji. Klabu ya Duarte haikuanza na nadharia ya usawa; ilianza na upungufu wa watu wa kufanya kazi. Kwa msomaji wa Mombasa kuna somo la ziada: wakati vilabu vya wanaume vilikuwa bado vinajadili iwapo wanawake wanaweza kuwa wanachama, wanawake wa mji huo walikuwa wameendesha vyama vyao wenyewe, kwa ada, vyeo na nidhamu, kwa zaidi ya nusu karne.

8. Mwaka 2016 na baada yake

Mwaka 2016 Baraza la Kutunga Kanuni liliviruhusu vilabu kubadilisha ratiba, namna ya kukutana na masharti ya mahudhurio, ilimradi vikutane walau mara mbili kwa mwezi. Waliounga mkono walisema mlo wa kila wiki ni gharama na kizuizi kwa vijana na wazazi. Waliopinga walihofu kwamba klabu isiyodai chochote haitapewa chochote.

Kwa mujibu wa historia iliyoelezwa hapa, pande zote mbili ziligusa nusu ya ukweli. Kanuni ya mahudhurio ilikuwa gongo lililoshikilia mwili baada ya zamu kuondoka. Kuliondoa gongo hakumponyi mgonjwa, na kuling'ang'ania hakumponyi pia. Klabu inayolegeza mahudhurio bila kugawa kazi itapoteza hata ule urafiki wa mezani. Klabu inayoyashikilia bila kugawa kazi itabaki na watu waliofika na ambao, siku moja, wataona hawana sababu ya kufika.

9. Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba historia ya ushirikishwaji katika vilabu vya Rotary ni historia ya kipimo kilichochukua nafasi ya jambo lililopimwa. Klabu ya mwaka 1905 ilimpa kila mwanachama zamu ya kuwa mwenyeji. Klabu iliyokua ilimpa kiti na kuhesabu mara alizokikalia. Azimio la 1923 lilitambua pengo hilo na kupendekeza kazi moja ya mwaka inayowahitaji wote, lakini halikuwa na nguvu ya kanuni. Vyama vya beni na lelemama, kwa gharama na kasoro zake, vilikuwa vimelijibu swali hilo kwa kuufanya uanachama wenyewe kuwa mfululizo wa wajibu wa kupokeana.

Kwa watafiti, kuna kazi ya kufanya. Vitabu vya kumbukumbu za mikutano ya vilabu vya Afrika Mashariki visomwe si kwa kutafuta majina ya watu mashuhuri pekee, bali kwa kufuatilia mgawanyo wa kazi: nani alitajwa kutekeleza nini, mara ngapi, na jina lake lilipotea lini. Inatarajiwa kwamba usomaji wa namna hiyo utaonyesha kuwa mwanachama hujitenga na kazi kabla ya kujitenga na mkutano. Kwa waendeshaji wa vilabu, swali la kuuliza wakati wa kumpokea mwanachama mpya si iwapo ataweza kufika kila wiki. Ni jembe gani atakabidhiwa siku ya tatu, na shamba gani litabaki bila kulimwa endapo hatakuja.